Dude Jekundu la 1958: Yanayosemwa na Yaliyo

Mzee anasikia kishindo usiku, anatoka na taa, anakuta kimondo kimeanguka msituni. Badala ya kwenda zake, anakichokonoa kwa kijiti. Kimondo kinapasuka, ute unapanda kijiti, ute unamshika mkono. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza anajua kwamba hapo ndipo ukumbi mzima unapopiga kelele: "We mzee, acha!"

Hiyo ni The Blob, picha ya Marekani iliyotoka Septemba 1958. Adui wake hana meno, hana kucha, hana hata uso. Ni dude tu, kama halua ambayo bado haijaganda, linalotambaa na kumeza watu, na kadiri linavyokula ndivyo linavyonenepa na kuwa jekundu. Wanaolipigia mbio ni vijana wa sekondari. Wakosoaji waliiponda, na tangu hapo imekuwa mfano wa kila anayetaka kuzungumzia filamu mbovu za bei nafuu. Mengi yanayosemwa juu yake si kweli. Machache ni kweli, na mashabiki wake hawapendi kuyasikia.

Watu husema ni takataka ya Hollywood. Hollywood haikuitengeneza. Ilipigwa Pennsylvania, ng'ambo ya pili ya nchi, katika miji midogo ya Phoenixville, Downingtown na Chester Springs. Mtayarishaji, Jack H. Harris, alikuwa msambazaji wa filamu kutoka Philadelphia. Mwongozaji, Irvin Yeaworth, kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza filamu za dini na za mafunzo. Naam, watu wa filamu za kanisa ndio waliotuletea dude la kumeza wazee. Paramount iliingia baadaye, ikainunua picha ikiwa imeshakamilika na kuisambaza.

Ukilijua hilo, mambo kadhaa yanajieleza. Damu karibu haionekani. Matusi hakuna. Vijana wanaoitwa wahuni kosa lao kubwa ni kushindana kuendesha gari kinyumenyume. Na watu wazima, hata wale wakaidi, mwishoni wanajirekebisha. Kuna mkuu wa shule ambaye ni baba wa msichana mhusika mkuu. Shule imefungwa, ndani yake kuna mitungi ya kuzimia moto inayohitajika kuokoa mji, na ufunguo hana. Anaokota jiwe na kuvunja kioo cha shule yake mwenyewe. Nimeitazama picha hii mara kadhaa, na kipande hicho hunigusa kuliko vifo vyote vilivyomo.

Dhana nyingine, ambayo naona ndiyo mama wa zote, ni kwamba fedha ilikuwa kidogo, basi kazi nzima ililipuliwa. Kwamba fedha ilikuwa kidogo ni kweli: bajeti inayotajwa mara nyingi ni dola 110,000 hivi. Lakini tazama zilivyotumika. Kwanza, picha ni ya rangi, wakati filamu nyingi za kutisha za daraja lake zilikuwa bado nyeusi na nyeupe. Bila rangi, dude hili lingekuwa uji tu.

Pili ni dude lenyewe. Wengine husema ilikuwa jeli ya kula, wengine jamu. Ilikuwa silikoni iliyotiwa rangi nyekundu. Silikoni haikauki upesi wala haiozi chini ya taa za moto, na inatiririka polepole kama kitu chenye nia yake. Mafundi walijenga vijumba na vyumba vidogo vya mfano, wakafunga kamera kwenye jukwaa lilelile lenye vyumba hivyo, kisha wakaliinamisha jukwaa zima. Kwa kuwa kamera inainama pamoja na chumba, mtazamaji haoni kitu kuinama. Anaona sakafu iliyonyooka na dude linalotambaa lenyewe. Ujanja huo haukuhitaji utajiri, ulihitaji mtu aliyekaa akafikiri.

Kukosa fedha kuliwasaidia hata kwa jambo ambalo pengine hawakulipanga. Majini ya mpira ya miaka ile yalikuwa na tatizo moja: ukimwona mtu ndani ya vazi, hofu imekwisha. Dude lisilo na umbo huwezi kuliona zipu mgongoni.

Kwa Steve McQueen, mwigizaji mkuu wa picha hii, nako kuna uongo mwingi. Huambiwa alikuwa kijana mbichi katika filamu yake ya kwanza. Alizaliwa Machi 1930, kwa hiyo picha ilipopigwa mwaka 1957 alikuwa na miaka 27, na paji la uso halikuficha kitu. Wala haikuwa filamu ya kwanza, alikuwa ameshaonekana katika nyingine kwa sehemu ndogo. Kilichokuwa cha kwanza ni kuwa steringi. Jina lake limeandikwa Steven McQueen, na mhusika naye anaitwa Steve, kwa hiyo hata kukumbuka jina la kuitikia hakukumsumbua. Inasimuliwa kwamba alipewa nafasi ya kuchagua kati ya asilimia ya faida na malipo ya mkupuo ya dola 3,000 hivi. Akachukua mkupuo.

Hesabu ya hasara yake ndiyo inayovunja dhana ya kwamba picha ilianguka. Iliingiza takriban dola milioni 4. Filamu iliyogharimu kama laki moja! Ilianza ikiwa picha ya pili katika onyesho la tiketi moja kwa filamu mbili, ikifuatana na I Married a Monster from Outer Space. Haikuchukua muda, watu walipoonekana wanakuja kwa ajili ya dude, ikapandishwa kuwa picha kuu.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu watu huchanganya wakosoaji na wanunuzi wa tiketi kana kwamba ni kundi moja. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba studio kubwa haziwezi kuendelea kumiliki majumba ya sinema zinavyotaka. Televisheni nayo ikawabakiza wazazi sebuleni. Waliobaki na hamu ya kutoka usiku walikuwa vijana, wengi wao wakiwa na gari la baba, na viwanja vya sinema za kutazama ukiwa ndani ya gari vilikuwa vimeenea nchi nzima. Vijana hao walitaka kujiona. Filamu ambayo kijana anasema kweli na polisi anamwambia akalale iliwahusu moja kwa moja. Mkosoaji wa New York Times aliyelalamikia uigizaji hakuwa amealikwa kwenye karamu hiyo.

Ila mashabiki nao wana dhana yao potofu, kwamba wakosoaji walikosea kila kitu. Hawakukosea. Waigizaji kadhaa wamekakamaa kama wanasoma tangazo la msiba. Katikati kuna maongezi ya kituo cha polisi yasiyokwisha, pamoja na askari anayecheza sataranji kwa redio ya upepo wakati watu wanamezwa. Dude linapotea kwa muda mrefu mno. Mtu akiniambia alisinzia, simbishii. Wakosoaji walichokosea ni kuhesabu udogo wa bajeti na umri wa watazamaji kuwa sehemu ya ubovu, wakati ubovu halisi ulikuwa kwenye mpangilio wa matukio, jambo ambalo fedha haiponyi.

Ushahidi ni toleo la 1988, lililoongozwa na Chuck Russell. Hilo lilipewa mamilioni, mafundi wa kutosha, na dude linaloyeyusha watu mbele ya macho yako. Ni picha yenye kasi na ukatili kuliko ile ya kwanza. Majumbani Marekani iliingiza dola milioni 8 hivi na haikurudisha gharama.

Kuhusu wimbo wa mwanzo, ule wa furaha usiofanana kabisa na picha ya kutisha: ni wa mtunzi Burt Bacharach, hilo wengi wanalijua. Maneno wengi humpa Hal David, mwenzake wa miaka mingi. Aliyeandika ni kaka yake Hal, Mack David.

Basi kuna hii ya ukomunisti. Utasikia kwa uhakika mkubwa kwamba dude ni jekundu kwa sababu ni Wasovieti wanaotambaa kuimeza Marekani. Enzi ile hofu hiyo ilikuwepo kweli, na kila mtu ana haki ya kusoma picha apendavyo. Lakini ndani ya filamu hakuna neno hata moja linaloelekea huko, na wekundu umeelezwa wazi: dude limekula watu. Mimi nikiitazama naona jambo la karibu zaidi na nyumbani. Steve ameona daktari akimezwa. Anakwenda polisi, anaambiwa ni utundu wa vijana. Wazazi wanaitwa kuja kumchukua kama mtoto aliyevunja dirisha. Inabidi avuruge usingizi wa mji mzima, honi na ving'ora, ndipo watu watoke nje, na hata walipotoka walitoka kwa hasira. Kijana yeyote aliyewahi kusema kitu cha kweli mbele ya wakubwa akaulizwa "nani kakutuma?" anaielewa filamu hii bila kuhitaji Moscow.

Husemwa pia imesahaulika. Phoenixville bado lipo jumba la sinema la Colonial, lilelile ambalo watu wanakurupuka kutoka huku dude likivuja milangoni, na kila Julai mji hufanya tamasha ambapo wakazi na wageni hujazana ndani, kisha hukimbia nje wakipiga mayowe kama mwaka ule. Mwaka 2000 kampuni ya Criterion, inayojulikana kwa kuhifadhi kazi kubwa za sinema duniani, iliitoa kwenye mkusanyo wake.

La mwisho: wengi waliohadithiwa hudhani dude linauawa. Haliuawi. Steve anagundua kwamba linachukia baridi alipojificha na mwenzake kwenye chumba cha kugandishia nyama dukani, na ile mitungi ya kuzimia moto ya shuleni, yenye gesi baridi, inaligandisha. Polisi anasema wazi kwamba haliwezi kufa, linaweza kusimamishwa tu. Ndege ya jeshi inalibeba na kulidondosha Aktiki, na Steve anatamka kwamba watu wako salama mradi huko kubaki baridi. Kisha neno la mwisho kwenye kioo linageuka kuwa alama ya kuuliza.

Mwendelezo wa 1972, ulioongozwa na Larry Hagman, uliichukulia alama hiyo kwa uzito wake. Mfanyakazi wa bomba la mafuta anarudi kutoka kaskazini na kipande kidogo cha dude ndani ya chombo, anakiweka kwenye friza nyumbani. Kikatolewa, kikaachwa nje.