Je, wajua kwa nini Vita vya Majimaji vilianza kwa mnong'ono?

Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, Kilwa, mkoani Lindi, watu waliingia kwenye shamba la pamba walilokuwa wakilimishwa kwa nguvu wakang'oa miche. Mjerumani alipigwa na butwaa. Wenyeji wala, maana habari ilikuwa masikioni mwao siku nyingi.

Kimatumbi kina neno lake: njwiywila, yaani mazungumzo ya siri, ya kunong'onezana. Wazee waliohojiwa na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 walilikumbuka vizuri. Ukitaka kuisikia njwiywila, ulitoa pesa moja. Ukishaisikia, nawe unampelekea jamaa yako: mwaka huu ni wa vita, Ngarambe kuna mtu amepandwa na pepo. Mtu huyo ni Kinjikitile Ngwale, aliyesimuliwa kuwa alizama kwenye maji akaibuka kesho yake nguo zikiwa kavu.

Kinjikitile aligawa dawa ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Dawa yenyewe haikuwa na makuu: maji, mafuta ya mbono na punje za nafaka. Kwa maoni yangu, nguvu ilikuwa kwenye neno. Kila kabila lilikuwa na mizimu yake na waganga wake, na dawa ya huku haikuwa na kazi kule. Lakini “maji” halikuwa neno la mzimu wa mtu yeyote. Mmatumbi, Mngindo na Mmwera walilielewa sawasawa. Na lilipita mbele ya akida, mtumishi wa serikali ya Kijerumani, bila kumshtua, kwani nani atamkamata mtu kwa kutaja maji?

(Risasi, ole wao, hazikugeuka maji. Vita na njaa iliyofuata viliua watu wasiopungua 75,000, na wapo wanaokadiria hadi 300,000.)

Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Watu wake walimwita mganga, wakubwa wa Kijerumani wakamhesabu mchawi tu. Kwa Mswahili hayo ni mbingu na ardhi: mganga hutibu, mchawi huroga. Anayeyachanganya hawezi kujua kwamba mbele yake kuna mpango wa vita.

Waingereza nao hawakuyatenganisha vizuri. Sheria yao ya uchawi ya 1928, ambayo hadi leo imo katika sheria za Tanzania kama Sura ya 18, inahesabu hata kujidai kuwa na maarifa ya siri kuwa ni uchawi. Kisha mwaka 2002 Bunge likatunga sheria ya tiba asili, na waganga wakaanza kusajiliwa. Basi mzee wa Nachingwea anayejua mzizi wa kutuliza tumbo ni mganga halali akishajiandikisha. Akisema mzizi huo alioneshwa na mizimu usiku, sheria ya Mwingereza bado ina neno naye.