Wekundu wa kiota cha ndege si damu

Kwenye meza za Kichina, kuanzia Hong Kong hadi Singapore, kiota cha ndege huchemshwa kwa sukari mawe, hupozwa, kisha huliwa na vipande vya embe au papai. Kile chekundu mara nyingi huuzwa ghali kuliko cheupe. Wengi huamini wekundu huo ni damu: ndege akiishiwa mate, hutema damu ili amalize kujenga.

Imani hii inaeleweka, maana kiota chenyewe kweli ni mate. Ndege wadogo waitwao teleka, wa Asia ya Kusini-Mashariki, wanaofanana na mbayuwayu, huyagandisha kwenye kuta za mapango na, siku hizi, ndani ya majengo maalumu huko Indonesia na Malaysia. Rangi ndiyo haitoki kwa ndege. Kinyesi kinachooza chini hutoa mvuke wenye naitraiti, kemikali inayodhuru mwili ikizidi, na mvuke huo hubadili protini za kiota. Watafiti wamewahi kugeuza kiota cheupe kuwa chekundu kwa mvuke huo huo.

Ukiwa nacho, kiloweke kwenye maji baridi. Anayeosha nyama anajua jinsi damu inavyotoka. Rangi ya kiota, kinyume chake, imejishika kwenye nyuzi zake. Maji yakiwa mekundu upesi, shuku rangi ya kupaka. Kwa vyovyote, yamwage na ubadilishe: kuloweka na kusuuza hupunguza naitraiti, ambayo viota vyekundu huwa nayo nyingi. Manyoya madogo yaondoe kwa kibanio, kabla ya kufikiria embe.