Kabla Hujaingia Maabara ya Leza: Mapigo Mafupi Hayakatwi kwa Swichi

Tarehe 16 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Mwanga, na kama kawaida maabara yetu itafungua milango kwa umma. Tarehe hiyo haikuokotwa tu: ndiyo siku ambayo Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, mwaka 1960. Kadiri siku inavyokaribia, kuna maswali mawili yanayotujia tena na tena kuhusu leza yetu, inayotoa mwanga kwa mapigo mafupi sana, kila pigo likidumu pikosekunde moja.

La kwanza: "Kwa hiyo mnaiwasha na kuizima haraka haraka?" Hapana. Tumelisema hili kwa miaka. Pikosekunde moja ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Ndani ya muda huo mwanga wenyewe husogea milimita 0.3 tu. Hakuna swichi ya umeme ya kukata mwanga vipande vya namna hiyo.

Leza tutakayowaonyesha ni chipu yenye urefu wa milimita moja, kama mbegu ya mchicha. Imekaa juu ya kipande cha shaba, na nyaya za dhahabu nyembamba kuliko unywele zinaipelekea umeme. Ndani yake mwanga huenda na kurudi kati ya ncha mbili, ukiwa na rangi nyingi zinazokaribiana sana. Sisi huziita modi. Zikiachwa, kila modi huenda kwa wakati wake.

Aliyewahi kushua chombo ufukweni ataelewa upesi. Watu 20 wakisukuma kila mmoja kwa wakati wake, chombo hakitikisiki. Akitokea wa kuita "Harambee!", nguvu ni zile zile, lakini zinafika kwa pamoja na chombo kinateleza. Katika chipu, mwitaji ni sehemu fupi ya ncha moja inayopewa volteji ya kinyume. Sehemu hiyo humeza mwanga dhaifu. Ukija mwanga mkali, inashiba na kuupitisha, kisha inarudi kwenye njaa yake mara moja. Modi zinazofika pamoja ndizo zinazopita, na mzunguko baada ya mzunguko pigo linazidi kuwa fupi. Huko ndiko kufunga modi. Mwaka 1978 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walipata kwa njia ya kufunga modi mapigo ya takriban pikosekunde 20 kutoka diodi ya leza, yaani leza ya chipu kama hii yetu. Leo pikosekunde moja si ajabu.

Swali la pili ndilo linalotutia wasiwasi: "Miliwati 20 tu, miwani ya nini?" Kipimo hicho ni wastani wa nguvu ya mwanga wa leza yetu. Chipu hii hutoa pigo moja kila pikosekunde 25 hivi, yaani mapigo bilioni 40 kwa sekunde, na pigo lenyewe hudumu pikosekunde moja. Kwa hiyo kileleni nguvu hufika karibu nusu wati, mara 25 ya kile kinachosomeka. Hata huo wastani peke yake unaiweka leza yetu katika daraja la 3B, la leza zinazoweza kudhuru jicho. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 980: hauonekani, kwa hiyo jicho halijifumbi kujikinga, na lenzi ya jicho inaukusanya moja kwa moja kwenye retina. Retina iliyoungua haioti upya. Tafadhali tusibishane tena kuhusu hili mlangoni.

Utaratibu ni huu. Utajiandikisha na kusaini. Utavua saa, pete na bangili, kwa kuwa vyote huakisi. Utapewa miwani yenye namba ya nanomita 980, na msimamizi ataisoma namba hiyo mbele yako. Miwani ya jua haikubaliki, wala miwani ya leza ya kijani. Hutainama hadi macho yawe usawa wa meza. Atakayevua miwani taa nyekundu ikiwa inawaka, kizuizi cha mwanga kitafungwa, kundi lote litatolewa nje, na jina lake litaingia kwenye daftari. Hataingia tena mpaka amalize mafunzo ya usalama. Mtumishi wetu akifanya hivyo, kibali chake kinasitishwa siku hiyo hiyo.

Watoto tutawapa kadi maalumu ya kushika kwenye njia ya mwanga: palipokuwa hapaonekani kitu, patatokea doa dogo linalong'aa.