Sumu katika Chaza, Kome na Skalopu: Maswali na Majibu

Swali: Sumu huingiaje katika mnyama ambaye kwa asili hana sumu?

Chaza, kome na skalopu ni wanyama wa baharini ambao miili yao laini imehifadhiwa kati ya magamba mawili, na wote hula kwa kuchuja. Huvuta maji ndani, huyapitisha kwenye matamvua, hunasa chembe za chakula, kisha huyatoa maji yaliyobaki. Chaza mmoja aliyekomaa, maji yakiwa na joto linalomfaa, anaweza kuchuja karibu lita 190 kwa siku. Kwa sababu hiyo, chochote kilichomo majini, kiwe lishe, bakteria, virusi au sumu, hujikusanya mwilini mwake kwa kiwango kinachozidi sana kile cha maji yanayomzunguka. Sumu tunazozizungumzia hapa hutengenezwa na baadhi ya mwani wa seli moja, ambao hauonekani kwa macho na ambao kuna nyakati huzaliana kwa wingi mno. Mara nyingine maji hubadilika rangi, lakini mara nyingi hayabadiliki, na huo ndio ugumu wake.

Swali: Je, nikipika vizuri sitakuwa salama?

Hili ndilo swali ninaloomba kila msomaji alishike, kwa kuwa kuna hatari mbili ambazo watu huzichanganya. Vijidudu ni viumbe hai, na moto wa kutosha huviua. Sumu ya mwani si kiumbe, ni kemikali inayostahimili joto, hivyo kuchemsha, kukaanga, kugandisha au kutia siki na limau hakuiondoi. Haina harufu wala ladha ya kumtahadharisha mlaji, na kome mwenye sumu anaweza kuwa mbichi, mnene na mwenye kupendeza kama mwenzake asiye nayo. Mwezi Juni mwaka 1793, mabaharia wa msafara wa George Vancouver, nahodha Mwingereza, walikula kome kwenye pwani ambayo leo ni ya British Columbia, Kanada. Muda mfupi baadaye walianza kufa ganzi usoni na mikononi, na mmoja wao, John Carter, alifariki siku hiyohiyo.

Swali: Ni nini hasa kinachotokea mwilini?

Inategemea ni sumu gani. Saksitoksini, ambayo dalili zake zinafanana na zile zilizowapata mabaharia hao, huziba njia ambazo chembe za sodiamu hupitia kuingia katika seli za neva, na neva isiyopitisha sodiamu haiwezi kupeleka ujumbe. Midomo na ulimi huanza kuwashawasha, ganzi huenea, misuli hulegea, na katika hali mbaya misuli ya kupumulia hushindwa kufanya kazi. Asidi ya domoiki hufanya kinyume chake: hujifanya kama glutameti, kemikali ya kawaida ya ubongo, na kuzichochea seli kupita kiasi hadi zinakufa, hasa katika sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Ilitambuliwa kuwa hatari kwa binadamu mwaka 1987, baada ya watu zaidi ya 100 nchini Kanada kuugua kwa kula kome waliotoka Prince Edward Island. Baadhi yao walifariki, na wengine walipona mwili lakini wakabaki hawawezi kuweka kumbukumbu mpya.

Swali: Kwa skalopu, sehemu zote zina hatari sawa?

Hapana. Ukimfungua utaona katikati msuli mweupe, mviringo na mnene, ambao ndio unaofunga magamba; kando yake kuna kifuko cha mayai na mbegu, mara nyingi chenye rangi ya chungwa, na kipande cheusi au cha kijani kilichokolea ambacho ni tezi ya mmeng'enyo. Sumu hujikusanya zaidi katika tezi hiyo, na katika baadhi ya aina za skalopu hukaa humo kwa miezi mingi, hata baada ya mwani wenyewe kutoweka. Msuli mweupe kwa kawaida huwa na sumu kidogo sana, na ndiyo maana katika masoko mengi huuzwa peke yake. Chaza na kome huliwa wazima, pamoja na tumbo lao, kwa hiyo hawana nafuu hiyo.

Swali: Basi mlaji hulindwa na nini?

Hulindwa na maabara. Kwa miongo mingi, kuanzia miaka ya 1930, sampuli zilipimwa kwa kuwadunga panya na kuhesabu dakika hadi wanapokufa. Leo maabara nyingi hutumia mitambo inayotenganisha na kupima kila kemikali. Kiwango cha juu kinachokubalika katika nchi nyingi ni miligramu 0.8 za saksitoksini na miligramu 20 za asidi ya domoiki kwa kila kilo ya nyama. Kikipitwa, eneo la uvunaji hufungwa. Tangazo la kufungwa kwa eneo lichukuliwe kwa uzito wote, hata kama maji yanaonekana safi.

Swali: Na vijidudu je?

Hivyo hutokana zaidi na maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Mwaka 1988, mjini Shanghai, karibu watu 300,000 waliugua homa ya ini aina ya A baada ya kula kombe, jamaa wengine wa wanyama hawa wenye magamba mawili, ambao hawakuiva vizuri. Wapo pia bakteria wa jamii ya Vibrio, ambao huishi kiasili katika bahari yenye joto bila uchafu wowote. Mtu mwenye ugonjwa wa ini au kinga dhaifu asile chaza mbichi kabisa.

Swali: Nifanye nini midomo ikianza kufa ganzi baada ya mlo?

Nenda hospitali mara moja, usisubiri dalili nyingine. Saksitoksini haina dawa ya kuipinga, lakini mgonjwa anayesaidiwa kupumua mapema hupona kwa kawaida, kwa kuwa mwili huitoa sumu hiyo wenyewe. Kama kuna mabaki ya chakula, yachukue uende nayo ili yapimwe, na uwajulishe wote mliokula pamoja.