Hesabu mikono, kisha hesabu vichwa

Darasa lina wanafunzi 40. Wenye kaka ni 25, wenye dada ni 22, na 5 hawana kaka wala dada. Wangapi wana kaka na dada pia?

Nafundisha hisabati sekondari, na kila mwaka kuna wanaojumlisha tu 25, 22 na 5, wanapata 52, wala hawashtuki kwamba darasa limefurika. Siku hizi siandiki kitu ubaoni kwanza. Nawaambia: mwenye kaka anyooshe mkono wa kulia, mwenye dada wa kushoto. Kwa swali letu, mikono iliyo juu ni 25 + 22, yaani 47. Vichwa vilivyonyoosha ni 40 − 5, yaani 35. Mikono imezidi vichwa kwa 12. Ya nani hiyo? Ya walionyoosha yote miwili. Basi hao ni 12.

Mchoro wa Venn, yaani miduara inayoingiliana, kila kundi na wake (John Venn, Mwingereza, aliandika kuuhusu mwaka 1880), uje baada ya hapo, na ujazwe kuanzia katikati: 12, kisha kaka tu 13, dada tu 10, nje ya miduara 5. Jumla 40.

Kinachowaangusha wengi, hata wale wakali wa hesabu, ni hilo "tu". Ni dogo, hukaa mwishoni, jicho linaliruka. Tuseme swali lingesema 18 wana kaka tu na 14 wana dada tu. Aliyeliruka "tu" atafanya 18 + 14 − 35 na kupata −3. Watu hasi! Rudi kwenye swali ukasome upya: hao 32 hawajagusana kabisa, na wenye wote ni 35 − 32, yaani 3.

"Au" nayo ina vituko vyake. Nyumbani ukiulizwa "chai au kahawa?" unachagua kimoja. Kwenye seti, yaani makundi ya kihisabati, wenye kaka au dada ni wote 35, wale 12 wakiwemo.

Vikundi vikiwa vitatu mikono haitoshi, nagawa punje za mahindi: kila mtu moja kwa kila kundi lake. Lengo ni kila kichwa kibaki na punje moja tu. Kisha kwa kila jozi ya makundi, aliyemo kote kuwili anarudisha moja. Aliyemo kote kutatu alichukua tatu, na kwa kuwa jozi ni tatu amerudisha zote. Kabaki mikono mitupu, na darasani yumo. Mpe moja.