Kuacha sigara kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akishaambiwa kwamba anafaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, suala la sigara huletwa mezani mapema, na wengi huliogopa kuliko kisu chenyewe. Wapo wanaodhani ni kikwazo tu cha hospitali. Wengine hupokea ushauri wa ndugu na marafiki, ushauri wenye nia njema kabisa, lakini ukiufuata unaweza kukulaza wodini wiki nyingi badala ya siku chache. Hapa nimekusanya maneno yanayosemwa sana na kueleza kinachotokea mwilini, kwa kuwa anayejua sababu huacha kwa moyo tofauti na yule aliyeamrishwa.

"Wanakataza sigara kwa sababu ya mapafu tu"

Mapafu yamo, nitayafikia. Tuanze na mfuko wa chakula, maana huko ndiko kisu kinakopita.

Kuna aina mbili za upasuaji huu zinazofanyika zaidi. Katika ya kwanza, daktari hukata na kutoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, na ukingo wa sehemu iliyobaki hufungwa kwa pini ndogo za chuma zilizopangwa mstari mmoja mrefu. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo chenye ujazo wa mililita 30 hivi, kisha huupandisha utumbo mwembamba na kuuunganisha nacho. Pini na nyuzi hazikuponyeshi. Kazi yake ni kushikilia kwa muda, na mwili wenyewe ndio unaotakiwa kuunga nyama na nyama. Kwa hilo unahitaji damu ya kutosha iliyobeba oksijeni ya kutosha.

Sigara huharibu vyote viwili kwa wakati mmoja. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, hushikamana na himoglobini, yaani kibeba-oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kama abiria aliyewahi kiti na hataki kushuka. Damu inayofika kwenye mshono inakuwa kidogo, na hiyo kidogo haijabeba inachotakiwa kubeba. Mshono ukiachia, yaliyomo ndani humwagika tumboni na kuleta maambukizi makali. Kuvuja huku hakutokei mara nyingi, ila ni miongoni mwa mambo yanayoua baada ya upasuaji huu. Tena kwa mtu mwenye mwili mkubwa dalili zake hujificha: tumbo huenda lisikakamae, na wakati mwingine ishara ya kwanza ni mapigo ya moyo kwenda mbio tu.

Sasa mapafu. Mtu mnene akilazwa chali, uzito wa tumbo husukuma juu kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, na mapafu hubanwa. Nusukaputi huyabana zaidi. Mvutaji anaingia hapo akiwa na makohozi mazito, na vile vinyweleo vinavyosafisha njia za hewa vimelemaa. Ndiyo maana nimonia humpata kwa urahisi. Ongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na bonge lake kupanda hadi mapafuni, hatari ambayo unene huileta na sigara huizidisha.

"Nikiacha nitanenepa, halafu waniondoe kwenye orodha"

Hofu hii ina msingi, na sipendi inavyopuuzwa. Nikotini hupunguza hamu ya kula na huufanya mwili uunguze nishati zaidi kidogo. Ukiiondoa, hamu hurudi na chakula huwa na ladha upya. Kwa wastani anayeacha huongezeka kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, nyingi kati ya hizo katika miezi mitatu ya mwanzo. Huo ni wastani tu: wapo wanaoongezeka zaidi ya kilo 10, na wapo wanaopungua.

Sasa ziweke kilo hizo kwenye mizani moja na upasuaji wenyewe, ambao kwa kawaida humwondolea mtu robo ya uzito wake au zaidi. Aliyeanza na kilo 130 anazungumzia kupungua zaidi ya kilo 30. Kuendelea kuvuta ili kuokoa kilo 5, kwa gharama ya mshono unaoweza kuachia, ni hesabu isiyolipa. Isitoshe, sigara haimlindi mtu na unene wa hatari. Wavutaji huelekea kujaza mafuta ndani ya tumbo, kuzunguka viungo, na miili yao huitikia insulini kwa shida, jambo linalowasogeza karibu na kisukari.

Jambo moja la kupanga vizuri ni ratiba. Hospitali nyingi humpa mgonjwa mlo mkali wenye kalori chache sana kwa wiki mbili hivi kabla ya upasuaji, ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Kuanza mlo huo siku ileile unayoacha sigara ni kujitwisha mizigo miwili kwa mpigo, na wengi huangukia hapo. Acha sigara kwanza, mapema, arosto (yale mateso ya mwili unaodai nikotini) ipite, ndipo uingie kwenye mlo. Mwambie pia mtaalamu wa lishe tarehe unayokusudia kuacha. Akijua mapema, kilo mbili zilizoongezeka mwezi wa kwanza hazitamshangaza mtu yeyote.

"Wiki moja inatosha" na "nimeshachelewa, bora nisiache kabisa"

Maneno haya hutoka pande mbili tofauti, na yote hayako sawa.

Kaboni monoksidi hutoka kwenye damu ndani ya siku moja au mbili. Njia za hewa na uwezo wa kidonda kupona huchukua wiki kadhaa kurejea. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wanaoacha wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji wowote hupata matatizo machache zaidi, na kwamba kila wiki inayoongezeka baada ya hizo nne huboresha matokeo kwa asilimia 19. Kwa upasuaji wa kupunguza uzito, miongozo ya madaktari inataka angalau wiki 6, na ikiwezekana mwaka mzima. Kwa hiyo usishangae hospitali moja ikidai miezi mingi kuliko nyingine.

Upande wa pili kuna hofu ya zamani kwamba anayeacha siku chache kabla ya upasuaji huongeza makohozi na kujidhuru. Tafiti zilizochambuliwa baadaye hazikuthibitisha madhara hayo. Hata siku ya mwisho bila sigara inaipa damu nafasi ya kubeba oksijeni. Daktari anaweza kuahirisha tarehe, ndiyo, na mara nyingi atakuwa amekutendea wema.

"Nimepunguza mpaka mbili kwa siku"

Hongera kwa safari, lakini hujafika. Anayepunguza mara nyingi huvuta kwa kina zaidi na kuushikilia moshi ndani, ili mwili upate nikotini uliyoizoea. Kwa upande wa moyo, sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada inayoletwa na sigara 20. Kupunguza kuwe njia ya kufikia tarehe ya kuacha. Kusigeuke makao.

"Mimi sivuti sigara, navuta shisha"

Shisha ni tumbaku. Maji yaliyo chini hupoza moshi, hayauchuji, na mkaa ulio juu huzalisha kaboni monoksidi ya kwake. Mtu hukaa nayo saa nzima na kuvuta moshi mwingi kuliko wa sigara kadhaa. Ugoro na tumbaku ya kutafuna havina moshi, ila vina nikotini, na kwa mishipa inayolisha mshono nikotini ni nikotini. Sigara za kielektroniki nazo nyingi zina nikotini, wakati mwingine kwa wingi usioutarajia. Ukiulizwa "unavuta?" usijibu kwa ujanja wa maneno. Taja kila unachotumia, hata kama ni pafu moja la wikiendi.

"Viraka vya nikotini ni sigara ileile"

Hapa panahitaji utulivu. Viraka na jojo za nikotini hazina kaboni monoksidi wala lami ya moshi, na kiasi cha nikotini huingia mwilini polepole. Kwa upasuaji kwa jumla, ushahidi uliopo hauonyeshi kwamba dawa hizi huzuia vidonda kupona kama sigara inavyofanya, na huongeza nafasi ya mtu kuacha kweli. Mimi binafsi naona ni kosa kumnyima mvutaji msaada huu miezi kadhaa kabla ya upasuaji.

Lakini kuna jambo la kipimo. Hospitali nyingi hupima kotinini, yaani mabaki ya nikotini, katika damu, mkojo au mate. Nikotini yenyewe hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi, lakini kotinini hukaa siku kadhaa. Kiraka pia huacha kotinini. Kwa hiyo uliza mapema kabisa: je, hapa mnakubali dawa za nikotini, na ni lini niwe nimeziacha? Kama wanakubali, kuna kipimo kingine cha anabasini, kemikali iliyomo kwenye jani la tumbaku na haimo kwenye viraka, kinachoweza kuonyesha kwamba hujarudia kuvuta. Zipo pia dawa zisizo na nikotini. Vareniklini kwa kawaida huanzwa wiki moja kabla ya tarehe ya kuacha. Bupropioni husaidia kuzuia ongezeko la uzito wakati unaitumia, lakini haifai kwa mwenye kifafa wala aliyewahi kuugua bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha) au anoreksia (kujinyima chakula kupita kiasi), na hili la ulaji watu huona haya kulisema. Liseme.

Kuhusu wanaotafuta mbinu za kukidanganya kipimo: majibu yatatoka safi, ila damu itakayofika kwenye mshono itakuwa ileile. Anayepima hakutegi.

"Nimeacha, natetemeka na silali, kumbe mwili wangu hauwezi bila sigara"

Arosto ya sigara ni kali. Hupanda zaidi katika siku za mwanzo, hulegea baada ya wiki mbili hadi nne, na kila wimbi la kiu hupita ndani ya dakika chache ukilivumilia. Ule utulivu wa sigara ya asubuhi kwa sehemu kubwa ni arosto ya usiku inayotulizwa. Waliokwisha kuacha, ukiwapima baada ya muda, wasiwasi wao huwa umepungua.

Ila kuna kitu kimoja ambacho hakisemwi vya kutosha: kahawa. Kemikali za moshi huliharakisha ini kuvunja kafeini. Ukiacha kuvuta, kasi hiyo hushuka, na vikombe vilevile ulivyozoea vinaweza kukuachia kafeini karibu maradufu katika damu. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hauji, nawe unasingizia sigara. Punguza kahawa na chai kali kwa nusu katika wiki hiyo ya kwanza, uone. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia klozapini au olanzapini (dawa za magonjwa ya akili) au theofilini (dawa ya pumu) lazima amwambie daktari kabla ya kuacha, maana dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa. Anayejidunga insulini naye apime sukari mara nyingi zaidi.

"Nikishapona naweza kurudia moja moja"

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu huja wakati mtu ameshavuka kizingiti kigumu. Kwa aliyeunganishwa utumbo na kifuko kidogo, mahali pa maungio hukutana na asidi ambayo utumbo haukuumbwa kuihimili. Vidonda hutokea hapo, na uvutaji ni miongoni mwa sababu zake kubwa, pamoja na bakteria wa vidonda vya tumbo na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Vinaweza kuja miaka baada ya upasuaji. Dalili ni maumivu chini ya kifua, kichefuchefu, kutapika damu au choo cheusi. Kidonda kikitoboka ni dharura ya kurudi chumba cha upasuaji usiku huohuo. Aliyepunguzwa mfuko pekee hana maungio hayo, hivyo hatari yake ya vidonda ni ndogo zaidi, lakini mapafu, moyo na mifupa yake havina kinga yoyote ya pekee.

Na usiibadilishe sigara kwa pombe. Baada ya upasuaji huu, hasa ule wa maungio, pombe huingia kwenye damu haraka na kwa nguvu kuliko zamani, na wapo waliopata uraibu mpya kwa njia hiyo.

"Nimeteleza jana, kwa hiyo nimeharibu kila kitu"

Wengi hujaribu zaidi ya mara moja kabla ya kuacha moja kwa moja. Ukivuta moja, tupa pakiti iliyobaki leo, rudi kwenye viraka au vidonge vyako, na piga simu kwenye kliniki kabla ya siku ya kipimo. Waambie umevuta lini na kiasi gani. Ikibidi tarehe isogezwe wiki chache, itasogezwa, na katika wiki hizo omba ushauri nasaha pamoja na dawa, kwa kuwa viwili hivyo vikienda pamoja hufanya kazi kuliko kimoja peke yake.