Mshahara wa NP Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wetu tuliotoka Kenya, Tanzania na Kongo tulianza Marekani kwa kuwaogesha wazee na kuwageuza vitandani. Tukasomea uuguzi, na sasa kuna wanaolenga ngazi ya juu: NP (nurse practitioner), yaani muuguzi mwenye shahada ya uzamili au uzamivu anayepima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Maneno yanayozunguka kuhusu mshahara wake ni mengi, na baadhi yamewagharimu watu miaka.

"Ukishakuwa NP, umempita muuguzi wa kawaida kwa pesa."

Si lazima. Takwimu za serikali za Mei 2023 zinaonyesha nusu ya NP nchini walipata chini ya dola 126,260 kwa mwaka. Mwaka huohuo, wastani wa muuguzi wa kawaida jimboni California ulikuwa dola 137,690. NP wa California naye alikuwa na wastani wa dola 161,540, kwa hiyo mahali unapofanyia kazi pana uzito kuliko cheo. Kuna jambo jingine pia: muuguzi wa wodini hulipwa kwa saa, akizidisha analipwa ziada. NP mara nyingi ana mshahara wa mwaka, na sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri kulipa saa za ziada.

"Barua yenye namba kubwa ndiyo kazi nzuri."

Hapa ndipo naumia zaidi. Mdogo wangu mmoja wa kanisani alikuja kwangu na barua mbili za kupewa kazi. Kliniki ilimpa dola 128,000, hospitali 118,000. "Dada, hata sihitaji kufikiri," akaniambia. Nikamwomba ampigie simu NP aliyekuwa akifanya kazi katika ile kliniki. Akaambiwa siku ni tano za saa nane, kisha kila usiku kuna mafaili ya kumalizia nyumbani, kama saa kumi kwa wiki. Tukachukua kalamu pale mezani. Saa 50 kwa wiki 52 ni saa 2,600, ambayo ni dola 49 na senti kwa saa. Hospitali ilitaka zamu tatu za saa kumi na mbili. Tukaongeza saa moja ya kuchelewa kila zamu, na bado ikatoka dola 58. Alinyamaza kwa muda, akaikunja ile barua ya kliniki.

"NP hulipwa kidogo kliniki kwa sababu bosi ni mchoyo."

Wachoyo wapo, lakini fuata pesa inakoingilia. Tangu 1998, Medicare, bima ya serikali ya wazee, humlipia NP asilimia 85 ya kiwango cha daktari kwa kazi ileile. Binafsi naona si haki. Kliniki nyingi hukwepa pengo hilo kwa njia halali: daktari akishamwona mgonjwa mwanzo na kupanga matibabu, na akiwa anapatikana papo hapo kusimamia, ziara za kufuatilia anazofanya NP hudaiwa kwa jina la daktari, asilimia 100. Kliniki inapata yote, lakini wewe unafutika. Siku ya kuomba nyongeza, vitabu vinaonyesha hukuingiza kitu, na kama bonasi yako inahesabiwa kwa kazi iliyodaiwa, umepoteza mara mbili.

"Vituo vya afya vya watu maskini havilipi."

Mshahara wa barua waweza kuwa mdogo kweli. Lakini vile vinavyofadhiliwa na serikali kuu hulipwa na Medicare kwa ziara, kiwango kilekile awe ameona daktari au NP. Wengi wanaofanya kazi humo hukingwa na serikali wakishtakiwa kwa kosa la matibabu. Na kuna mpango wa taifa unaolipa makumi ya maelfu ya dola za deni la masomo kwa anayehudumu miaka miwili panapokosa wahudumu. Mwenye deni kubwa asiruke hesabu hii.

"Kazi ya mkataba wa saa inalipa zaidi."

Kiwango cha saa huwa juu, ndiyo. Lakini ukiwa mkandarasi unabeba mwenyewe pande zote mbili za kodi ya pensheni na Medicare, takribani asilimia 15.3, bima ya afya, bima ya mashtaka, na likizo isiyolipwa. Muulize pia anayekupa mkataba nani atalipia bima ya mashtaka yanayokuja baada ya wewe kuondoka. Nimeona mtu akidaiwa maelfu siku ya kuaga.

Shahada ya uzamivu? Waajiri wengi wa kliniki hawaongezi kitu kwa ajili yake. Kwenye kufundisha chuoni ndiko inakohitajika, na huko mshahara mara nyingi uko chini ya wa kliniki.

Yule mdogo wangu alichukua hospitali. Juzi aliitwa na kliniki nyingine, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Wagonjwa nitakaowaona, wataandikwa kwa jina la nani?"